Kwenye kizimba hakuna kuhesabiwa

Nikiwa likizo Dar, watu wa ngumi wakishajua kwamba siku hizi nafundisha MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali ndani ya kizimba cha waya, swali huwa moja: "Kaka, kule ndani ya waya si mnaruhusiwa kila kitu?" Nikiwaambia orodha ya makosa yetu ni ndefu kuliko ya ngumi, wanacheka. Wameona vipande vya video kwenye simu: mtu yuko chini, mwenzake amemkalia kifuani anamshushia makonde, damu inatiririka, refa anajirusha katikati. Kwetu tuliolelewa kwenye ngumi, kumpiga aliyeanguka ni haramu unayofundishwa kabla hata hujavalishwa glovu. Ukiona mtu anaifanya na bado anashangiliwa, utaamini vipi kwamba kuna sheria?

Na mchezo wenyewe ulijitafutia sifa hiyo. UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya MMA, ilifanya shindano lake la kwanza Denver, Novemba 1993, likatangazwa kama pambano lisilo na sheria. Madaraja ya uzito hayakuwepo, majaji hawakuwepo. Kilichokatazwa ni kung'ata na kuchokonoa macho, basi. Usiku ule alikuwepo bondia wa kulipwa, Art Jimmerson, aliyeingia na glovu moja tu mkono wa kushoto, wa kulia mtupu. Mpinzani wake alikuwa Royce Gracie wa Brazil, mwembamba, amevaa koti la jujitsu. Gracie akamshika, akamwangusha, akamkalia juu. Jimmerson akagonga mkeka kusalimu amri, hajakabwa koo wala hajapindwa mkono. Hakuwa ameumia popote. Alikuwa chini, mtu yuko juu yake, na katika miaka yake yote ya ngumi hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini hapo. Gracie alishinda mapambano matatu usiku huo na kuondoka na ubingwa. Kijana akitoka kwenye ngumi kuja kwangu, namwonyesha pambano hilo kabla ya lingine lolote.

Baadaye wanasiasa wakaingia. Seneta John McCain aliufananisha mchezo huu na kupiganisha majogoo, ila majogoo yenyewe ni watu, akawaandikia magavana wa majimbo yote 50, na majimbo kadhaa yakaupiga marufuku. Kilichouokoa ni kanuni. Mwaka 2001 tume ya michezo ya New Jersey ilikaa na waandaaji, madaktari na marefa, wakatoka na Kanuni za Pamoja ambazo ndizo msingi wa karibu kila pambano la MMA unaloliona leo. Mwaka 2009 umoja wa tume za ngumi za Marekani ukazipitisha. New York ilisubiri hadi 2016 kuuruhusu mchezo huu, Ufaransa hadi 2020.

Mimi nililelewa na gym ya ngumi ya Manzese, sakafu ya saruji, begi limeshonwa na kushonwa tena. Nilipohamia Birmingham, Uingereza, nilitafuta mahali pa kuendelea na ngumi, nikakuta gym iliyokuwa karibu na nyumbani ina kizimba katikati. Mwalimu wao aliniangalia napiga kivuli, akasema ngumi zangu nzuri, kisha akanipangia kijana wa mieleka mfupi kuliko mimi. Nilimtanguliza ngumi ya kushoto mara mbili, zote zikampata. Ya tatu alishaingia chini yake, amekumbatia mapaja, na mimi natazama taa za dari.

Kwenye ngumi unasimama ubavu-ubavu, uzito umeelemea mguu wa mbele, ili uwe shabaha ndogo. Kwenye kizimba mguu huo wa mbele ni zawadi. Teke la kigimbi likikupata sawasawa, halikuumi sana papo hapo. Unashtukia tu ukikanyaga unyayo haupandi, kama vile mguu umeazimwa. Ukiinama kukwepa ngumi, jambo tunalolisifia kwa bondia mzuri, unaipeleka shingo yako kwenye kabali au uso wako kwenye goti. Hata ule ulinzi wa kuficha uso nyuma ya glovu hauna nguvu ile. Glovu ya bondia wa kulipwa ni wakia 8 au 10, imejaa, unaweza kujificha nyuma yake. Ya MMA kwa kawaida ni wakia 4, gramu 113 hivi, vidole viko nje ili uweze kushika. Ngumi inapita pembeni yake na katikati yake.

Lakini kilichonisumbua kuliko yote ni kushikana. Bondia akichoka au akiyumba, anamkumbatia mwenzake, refa anakuja kuwatenganisha, umeshavuta pumzi mbili tatu. Tumezoea kulichukulia kumbatio kama mapumziko. Ndani ya waya hakuna anayekuja kuwatenganisha maadamu kuna kazi inafanyika. Ukimkumbatia mtu wa mieleka, umemfungulia mlango mwenyewe. Anakusukuma hadi mgongo unagusa waya, ule waya uliovishwa plastiki unaoacha alama za misalaba mgongoni. Anaweka paji la uso chini ya kidevu chako na kukunyanyua uso utazame juu. Mkono wake mmoja umepita chini ya kwapa lako na kukushika bega kwa nyuma. Unautaka mkono huo utoke, kwa sababu mwenye mkono chini ya kwapa la mwenzake ndiye anayeamua mwende wapi. Wakati huohuo anakukanyaga vidole, anakupiga goti pajani, anakuegemea kwa uzito wote. Kwa anayeangalia kwenye runinga, watu wawili wamesimama tu wamekumbatiana, na mashabiki wanazomea. Wewe uliye ndani mapafu yanawaka moto.

Na hapo ndipo kanuni ya kwanza inapokubana kwa vitendo: hauruhusiwi kushika waya. Unaweza kuuegemea na kuuwekea kiganja, ila vidole visipite matundu na kukunja. Akili inakubali, vidole havisikii. Mtu anakupiga ngwala, mwili unakwenda, mkono unadaka chochote kilicho karibu. Refa anapiga kelele, akirudia anakukata pointi. Kwenye pambano la raundi tatu pointi moja ni mali nyingi.

Sasa nirudi kwa yule aliyeanguka, maana hapo ndipo ndugu zangu wa Dar wanapokwama.

Oktoba 2023 kule Riyadh, Francis Ngannou wa Kamerun, mpiganaji wa MMA, alipanda ulingoni na bondia Tyson Fury kwa kanuni za ngumi. Raundi ya tatu akamwangusha kwa ngumi ya kushoto. Ukumbi ukalipuka. Refa akamsogeza Ngannou pembeni, akaanza kuhesabu, Fury akapata muda wake, akanyanyuka, akaendelea, na baada ya raundi kumi akashinda kwa pointi, majaji hawakukubaliana wote. Linganisha na Machi 2021, Ngannou huyohuyo alipomwangusha Stipe Miocic kuuchukua ubingwa wa uzito wa juu wa UFC. Hakuna aliyemsogeza pembeni. Alimfuata chini, akampa pigo moja la nyongeza, refa akamaliza pambano. Mkono uleule, mtu yuleyule. Kwenye ngumi kuanguka kunakununulia sekunde. Kwenye MMA kuanguka ni mwanzo wa hatari.

Kwa hiyo ukianguka lazima kuna kitu ufanye, na ndicho tunachokirudia mazoezini hadi vijana wanachoka. Usigeuze mgongo. Mkumbatie, mvute karibu asipate nafasi ya kukunja mkono, mzungushie miguu kiunoni, dhibiti viganja vyake. Refa amesimama hatua moja kutoka kwenu na anaangalia jambo moja tu: je, huyu wa chini anajitetea kwa akili? Utamsikia akisema jitetee, fanya kitu. Ukijikunyata tu na kuficha uso huku ngumi zinaingia, anasimamisha, hata kama unamwona na unamsikia. Mabondia wengi wanaliona hili kama uonevu. Mimi naliona ndiyo busara ya mchezo. Kule kwetu bondia anaangushwa, anahesabiwa hadi nane, macho yameshavuka mpaka, tunamfuta glovu na kumrudisha akapigwe tena kichwani.

Sisemi MMA haiumizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha rekodi za madaktari baada ya mapambano: karibu asilimia 60 ya wapiganaji wa MMA walitoka na jeraha la namna fulani, mabondia asilimia 50. Ila kwa waliopoteza fahamu hesabu iligeuka, mabondia asilimia 7, wa MMA asilimia 4. Nyuso zetu zinachanika zaidi, hilo halina ubishi.

Makosa mengine hayahitaji maelezo: kupiga kichwa kwa kichwa, kupiga sehemu za siri, kisogo, uti wa mgongo au koo, kuvuta nywele, kuingiza kidole jichoni au mdomoni, kupinda kidole kimojakimoja, kumnyanyua mtu na kumshindilia kwa utosi, kushika kaptula ya mwenzako. Hata matusi yamo kwenye orodha, ingawa sijaona refa anayehangaika nayo. Ukipigwa sehemu za siri unapewa hadi dakika tano za kupumua. Wengi wanaona aibu na kuinuka baada ya moja. Vijana wangu nawaambia wazitumie zote, hakuna mkanda wa ujasiri wa sehemu za siri.

Penye utata ni mtu aliye nusu chini. Kumpiga ngumi aliye chini ruksa. Kumpiga teke au goti la kichwa aliye chini, marufuku. Machi 2021, Petr Yan alikuwa bingwa na pambano lilikuwa linamwendea vizuri dhidi ya Aljamain Sterling. Raundi ya nne Sterling amepiga goti sakafuni, Yan akamshindilia goti la kichwa. Akaondolewa kwa kosa, na mkanda ukaenda kwa Sterling akiwa ameketi anashikilia kichwa. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mkanda wa UFC ukabadilisha mikono kwa namna hiyo. Kwa miaka mingi pia wajanja walikuwa wanainama na kugusisha mkono sakafuni ili wahesabike wako chini, wasipigwe goti. Kanuni mpya zilizoanza Novemba 2024 zimeufunga ujanja huo: mkono hauhesabiki tena, lazima sehemu nyingine ya mwili isiyo kiganja wala unyayo iwe imegusa chini. Mabadiliko hayohayo yameruhusu kiwiko cha kushuka wima kutoka juu, kile kilichompa Jon Jones, bingwa wa zamani wa UFC, kipigo pekee kilichomo kwenye rekodi yake, alipoondolewa dhidi ya Matt Hamill mwaka 2009 akiwa anashinda waziwazi. Tatizo ni kwamba si kila nchi au jimbo limezipokea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kabla ya mapambano refa anawaita wote kwenye kikao cha kanuni, na ndiyo maana simwamini mwalimu anayekikwepa kikao hicho.

Pointi ni kama za ngumi: majaji watatu, mshindi wa raundi 10, mwenzake 9, akizidiwa vibaya 8. Wanaangalia kwanza nani ameleta madhara, kwa mapigo au kwa mieleka. Yakilingana ndipo wanatazama nani alikuwa mshambuliaji, kisha nani alitawala eneo. Kwa hiyo kumwangusha mtu na kumlalia tu, bila kumpiga wala kutafuta kabali, hakupaswi kukupa raundi. Nasema hakupaswi. Majaji nao ni watu.

Birmingham hawatasahau Agosti 2022. Leon Edwards, kijana aliyezaliwa Jamaika na kukulia hapa Aston, alikuwa Salt Lake City anapigana na Kamaru Usman wa Nigeria kuwania ubingwa wa uzito wa welter. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili, sebule ya rafiki yangu imejaa watu ambao hawajalala. Raundi ya kwanza Leon alichukua. Ya pili, ya tatu na ya nne zikaenda kwa Usman. Majaji wote walikuwa na 39 kwa 37. Ya tano ikawa inaelekea hukohuko, wengine wameanza kutafuta viatu vyao. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Leon akarusha ngumi ya kushoto ya danganya, Usman akaikwepa kwa kuinamisha kichwa upande, na teke la kushoto likamkuta palepale kichwa kilipokwenda. Ni ile inamo ya bondia niliyoitaja huko juu, imemponza bingwa ambaye hakuwa amepoteza pambano ndani ya UFC.

Mapambano ya kawaida ya kulipwa ni raundi tatu za dakika tano, ya ubingwa raundi tano, mapumziko dakika moja. Ridhaa ni laini zaidi. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la ridhaa, IMMAF, raundi ni tatu za dakika tatu, unavaa kinga za miguu, viwiko havipo, magoti ya kichwani hayapo, na kufuli za kusokota kisigino zimekatazwa kwa sababu goti huchanika kabla maumivu hayajafika.

Jambo moja ambalo kanuni bado hazijaliweza ni uzito. Watu wanapima siku moja kabla, kwa hiyo wanajikausha maji, wanapima, kisha wanakunywa na kula usiku kucha. Nimemwona kijana amevaa suti ya plastiki ndani ya gari, hita imewashwa, anatemea mate kwenye chupa kwa ajili ya gramu mia tatu. Desemba 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, mwenye miaka 21, alifariki Manila akiwa anajikausha kwa pambano la ONE Championship, kampuni ya Asia ya mapambano haya, na baada ya hapo ONE wakapiga marufuku kushusha uzito kwa kujikausha maji. Wengine wanaendelea kama kawaida. Mimi sipeleki mtu kwenye uzito ambao hawezi kuufikia kwa chakula na mazoezi, na nimepoteza wanafunzi kwa msimamo huo.

Mwaka jana nilikaa kona ya kijana wa Bukavu aliyekulia hapa, ananiita yaya, yaani kaka kwa lugha ya kwao. Mikono yake ya ngumi inavutia. Raundi ya kwanza alimtia mwenzake adabu kwa kushoto, raundi ya pili akapigwa mtama, akaenda chini, na alipojaribu kuinuka akatoa mgongo. Kabali ya nyuma ikaingia. Alipigana na ule mkono, akavuta kidole kimoja, akaonywa, kisha akagonga mara tatu pajani mwa mwenzake. Refa akasimamisha.

Baba yake alinifuata nje, hasira tupu. "Mwalimu, mtoto amekubali vile vile tu? Hata damu hakuna."

"Mzee," nikamwambia, "ile haikubani pumzi. Inabana mishipa ya damu inayopanda kichwani, pande zote mbili. Asingegonga, kabla hujahesabu hadi kumi angelala."

"Si angelala tu aamke?"

"Kabali angelala. Ingekuwa mkono umenyooshwa, kiwiko kingevunjika. Nataka mkono wake ujue kugonga kabla kichwa hakijaanza kufikiria heshima."

Hakuridhika. Mama yake ndiye aliyemaliza ubishi: akamshika mtoto kidevu, akamgeuza uso kulia na kushoto kwenye mwanga wa taa ya maegesho, akaona meno yote yapo, akasema twendeni nyumbani chakula kinapoa.

Kijana yuko vizuri, vipimo vya damu na macho vimeshakubaliwa, na pambano lake lingine limepangwa kwa kilo 65.8, uzito anaoufikia akila wali wake kama kawaida. Mgongo haachii tena ovyo. Kinachotutoa jasho sasa hivi ni vidole vyake, kila akisukumwa ukutani vinakimbilia kwenye matundu ya waya, na refa tuliyepangiwa safari hii anajulikana kwa kutoonya mara mbili.